Maisha ya George Pilkington, Aliyeifasiri Biblia kwa Kiganda

Mhariri wa kurasa hizi za Kiswahili ameniandikia, akaniomba habari za mtu mashuhuri aliyekwisha kufa zamani. Nimemchagua George Lawrence Pilkington. Najua ya kuwa wengi wenu mnalijua jina lake kwa sababu ya barabara tu. Mwanafunzi yeyote aliyetumwa mjini Kampala amepita Pilkington Road, penye ofisi na mabenki, na wenzetu watokao Busoga wanaijua Pilkington College iliyoko Muguluka. Mimi mwenyewe nilipita barabara ile miaka mingi, nikidhani ya kuwa ni jina la gavana fulani wa Kiingereza. Sikutaka kuuliza. Nimekuja kuuliza uzeeni, na sababu iliyonifanya niulize ni jambo la aibu kidogo, lakini nitalieleza, maana bila hilo nisingalikuwa na la kuandika.

Mimi ni mtoto wa polisi. Nilikulia Naguru, katika kambi ya polisi, na hata leo ninakaa kilima hicho hicho. Wale waliosoma nami watakumbuka ya kuwa sisi watoto wa kambini tulicheza kwa Kiswahili, tukagombana kwa Kiswahili, na wazee wetu wakasali kwa Kiswahili, kwa kuwa ukuta kwa ukuta walikaa Mwacholi, Mteso, Mlugbara na Mganda. Desturi hiyo haijafa. Tuna kikundi chetu kidogo cha kusoma Biblia kila Jumatano jioni, watu kumi au kumi na watano, na Biblia tunayoisoma ni ya Kiswahili.

Basi Jumatano moja tulikuwa katika Injili ya Yohana, mlango wa tatu, habari za Nikodemo aliyemjia Bwana Yesu usiku. Tulipofika mstari wa tatu kijana mmoja, mwenye bidii sana, akatoa simu yake. Akasema ya kuwa katika simu hiyo mna Agano Jipya la Kiyunani pamoja na kamusi yake, na ya kuwa neno lililoandikwa pale ni anothen, maana yake kutoka juu. Kwa hiyo, akasema, Biblia yetu imekosea kusema kuzaliwa mara ya pili, na wote wanaoshuhudia ya kuwa wamezaliwa mara ya pili wanashuhudia kitu ambacho Bwana hakukisema. Sasa katikati yetu alikuwamo mama mmoja, mjane wa koplo, ambaye tangu nikiwa kijana nimemsikia akitoa ushuhuda wake kwa maneno hayo hayo: kwamba siku fulani, katika shida fulani, alizaliwa mara ya pili. Watu wote wakamtazama yeye, kisha wakanitazama mimi, kwa kuwa katika kikundi kile mimi ndimi niliyefika mbali kwa masomo. Wakataka niamue.

Sikujua Kiyunani hata herufi moja. Lakini sikupenda kuonekana mjinga mbele ya watu, nikasema ya kuwa kijana ana haki, maana Kiyunani ndiyo asili. Yule mama hakujibu. Akaifunga Biblia yake katika kitambaa chake, akaaga kwa adabu, akaenda zake. Jumatano iliyofuata hakuja, wala ile ya pili, wala ya tatu.

Hapo ndipo nilipoanza kutafuta ni nani aliyetangulia kuyachungua maneno haya katika nchi yetu, mtu aliyekijua Kiyunani kweli kweli wala hakukiokota jioni moja katika simu. Rafiki yangu mmoja, kasisi aliyesoma Mukono, akanitajia Pilkington.

Alizaliwa Dublin, Ireland, mwaka wa 1865, katika jamaa ya watu wenye mashamba na uwezo. Alisoma shule ya Uppingham huko Uingereza, wakati mwalimu mkuu alipokuwa Edward Thring, ambaye habari zake husomwa na walimu mpaka leo. Kutoka hapo akaenda Pembroke College katika chuo kikuu cha Cambridge, akajifunza Kiyunani na Kilatini. Mwaka wa 1887 akafaulu mtihani wake katika daraja la kwanza. Wanafunzi wa leo pengine hamjui maana ya daraja la kwanza katika lugha hizo kwa zamani zile. Mtu alipewa ukurasa wa Kiingereza cha kawaida, akatakiwa kuugeuza uwe Kiyunani kama walivyoandika Wayunani wa kale, bila kamusi, na saa inakwenda. Yaani alifundishwa kuingia ndani ya lugha na kutoka upande wa pili. Katika miaka hiyo ya chuo, mwaka wa 1885, aligeuka pia akawa mtu wa dini kwa moyo wake wote, kama vijana wengi wa Cambridge wakati ule. Baada ya mtihani alifundisha kidogo katika shule za Harrow na Bedford. Angaliweza kukaa huko mpaka uzee, akisahihisha madaftari ya wavulana. Badala yake akajitoa kwa chama cha CMS, na mwanzo wa mwaka wa 1890 akapanda meli kuja Afrika.

Pwani akakutana na Kiswahili. Hapo nataka nisimame kidogo, maana jambo hili linatuhusu sisi wa kurasa hizi. Siku zile njia ya kwenda Buganda ilipita katika Kiswahili. Waganda wa kwanza walioamini walijifunza kwa Injili za Kiswahili zilizofasiriwa na Askofu Edward Steere huko Zanzibar, kwa kuwa katika baraza ya Kabaka Mutesa lugha ya pwani ilikwisha kujulikana pamoja na wafanya biashara wake. Ndiyo sababu katika Kiganda mna maneno kama kitabo, malayika, nnabbi, ssaddaaka, enjiri. Yametoka pwani, yakapanda mpaka ziwani, yakavaa nguo za Kiganda.

Nanyi mtashangaa nikisema ya kuwa maneno hayo yametoka mbali kuliko pwani. Yule rafiki yangu kasisi aliniketisha barazani kwangu Naguru akanisomea maneno ya Kiebrania, lugha ya Agano la Kale, moja moja, nami nikawa nayakisia kabla hajanipa maana yake. Akasema dam, nikasema damu. Akasema nefesh, nikasema nafsi. Akasema ruach, nikasema roho. Kever ni kaburi, mavet ni mauti, navi ni nabii, kohen ni kuhani, zevach ni dhabihu, shalom ni salamu na salama. Hata hesabu: sheva ni saba na tisha ni tisa. Sababu yake ni kwamba Kiebrania na Kiarabu ni ndugu, na Kiswahili kimekopa kwa Kiarabu. Kwa hiyo mtoto wa Naguru asiyejua kitu anaanza Kiebrania akiwa na mtaji mfukoni, ambao mtoto wa London hana. Nilicheka jioni ile kama mtu aliyeokota fedha katika koti la zamani.

Lakini turudi kwa bwana Pilkington. Msafara wao ulikwenda kwa njia ya kusini ya ziwa, pamoja na Askofu Tucker, wakapita Usambiro ambako Alexander Mackay alikufa kwa homa mwezi wa Februari mwaka ule ule. Baadhi ya wenzao wakafa njiani. Mwisho wa Desemba 1890 wakafika Mengo. Mackay, yule fundi Mskochi, alikuwa amekwisha kuanza kufasiri Injili ya Matayo kwa Kiganda na kuipiga chapa kwa mashine yake, na wengine baada yake wameongeza kidogo. Watu walikuwa na njaa ya vitabu kupita kiasi. Siku zile Mkristo hakuitwa Mkristo. Aliitwa msomaji, kwa Kiganda omusomi, kwa maana kusoma na kuamini yalihesabiwa kuwa jambo moja. Watu wakanunua vitabu kwa simbi, zile kauri zilizokuwa fedha ya nchi.

Pilkington alijifunza Kiganda upesi mno. Mwaka wa 1892, muda mfupi tu baada ya kufika, kikatolewa kitabu chake cha sarufi ya Kiganda. Kazi kubwa ikafuata: kuifasiri Biblia yote. Wala hakuifanya peke yake. Mtu aliyefanya naye kazi siku kwa siku alikuwa Henry Wright Duta Kitakule, Mganda aliyebatizwa Zanzibar, aliyeona mateso ya Wakristo katika siku za Mwanga, na aliyefanywa shemasi mwaka wa 1893 pamoja na wenzake wa kwanza wa Buganda. Kwa maoni yangu barabara ile ingalifaa kuitwa kwa majina ya watu wawili. Wote wawili walikijua Kiswahili, kwa hiyo tangu siku ya kwanza walikuwa na daraja la kuvukia kutoka lugha ya mmoja kwenda lugha ya mwenzake.

Maana angalieni shida yenyewe. Mtu husema kwa wepesi ya kuwa ukijua Kiyunani umefika kwenye chemchemi. Pilkington alikijua. Lakini kila alipofungua mstari, Kiganda kilimwuliza maswali ambayo Kiyunani hakikuwa na haja ya kuyajibu. Kiganda kina nyakati nyingi zilizopita. Jambo lililotendeka leo asubuhi husemwa kwa namna moja, na jambo la juzi au la zamani kwa namna nyingine. Mtu akisema kwa Kiganda ya kuwa amemwona fulani, kitendo chenyewe kitaeleza kama alimwona punde, au leo, au siku zilizopita. Kiyunani hakigawanyi hivyo. Basi mwenye kufasiri hawezi kuandika neno moja la habari za Mariamu Magdalene kuwaambia wanafunzi ya kuwa amemwona Bwana, mpaka kwanza ajiulize: yalikuwa asubuhi ile ile, au yalikuwa jana? Msomaji wa Kiingereza huupita mstari huo mbio. Anayeandika kwa Kiganda analazimishwa kusimama kaburini na kutazama jua limefika wapi.

Au tazama neno la ndugu. Kwa Kiyunani Lazaro ni ndugu ya Mariamu na Martha kwa neno lile lile ambalo Yakobo ni ndugu ya Yohana. Kwa Kiganda haiwezekani. Ndugu mwanamume wa mwanamume ana jina lake, na ndugu mwanamume wa mwanamke ana jina lake. Waswahili wa zamani nao walikuwa na neno umbu kwa ndugu wa kike wa mwanamume, na wale waliosoma Biblia yetu ya Kiswahili kwa makini wamelikuta, ingawa vijana wa sasa hulidhani kuwa kosa la chapa.

Na neno la roho? Kiyunani husema pneuma, nalo lina maana tatu: upepo, pumzi na roho. Kiswahili kikakopa roho kwa Waarabu. Waganda wakachukua neno lao wenyewe, omwoyo, ambalo ni ndugu wa damu wa moyo wetu. Kwa hiyo Mswahili akiingia kanisani Namirembe na kusikia Mwoyo Mutukuvu, masikio yake yatasikia Moyo Mtakatifu, na sina hakika kwamba amepotea sana. Tena kwa kuhani hawakukopa neno la pwani. Walitwaa kabona, jina la wale waliohudumu mbele ya miungu ya Buganda. Hilo lilihitaji moyo mgumu. Mtu mwoga angalikopa neno geni, akawaachia watu waligundue wenyewe.

Sasa nirudi kwenye lile neno lililotuletea fitina Naguru. Nilimwuliza kasisi habari za anothen, naye akanifungulia kitabu chake. Kijana wetu alisema kweli: maana yake ni kutoka juu. Lakini alisema nusu. Neno lile lile maana yake ni tena, au upya tangu mwanzo. Maana zote mbili zimo ndani ya neno moja, kama neno letu la kupanda: mtu apanda mti, na mtu apanda mahindi, na asiyejua habari yenyewe hawezi kujua kama huyo mtu yuko juu ya tawi au yuko shambani. Bwana Yesu anasema anothen; Nikodemo anasikia mara ya pili, ndiyo sababu anauliza habari za kurudi katika tumbo la mama yake; naye Bwana anaendelea kusema habari za Roho, yaani za juu. Mazungumzo yote ya usiku ule yanategemea neno lenye milango miwili. Kiswahili hakina neno la namna hiyo kwa jambo hili, wala Kiingereza hakina. Kila mwenye kufasiri hana budi kuchagua mlango mmoja na kuufunga wa pili, na Biblia yetu ilichagua mara ya pili. Haikukosea. Na mimi niliyeamua mbele ya watu nilikuwa nimekosea.

Agano Jipya zima kwa Kiganda likatolewa mwaka wa 1893. Hapo mtu angalidhani ya kuwa Pilkington alikuwa na furaha kuu. Sivyo ilivyokuwa. Mwaka huo huo aliona kazi yake kuwa kavu. Makanisa yalijaa, vitabu viliuzwa, lakini watu walisoma na kuendelea kama walivyokuwa. Mkristo mmoja, jina lake Musa Yakuganda, aliomba jina lake lifutwe katika daftari la kanisa, akasema wazi ya kuwa dini aliyofundishwa haikumwokoa katika dhambi zake. Neno hilo lilimchoma Pilkington. Yeye aliyejua maana ya kila neno la Yohana, na ambaye siku zote alikuwa akitafuta neno la Kiganda lililo sawa na wokovu, akatambua ya kuwa alikuwa akifasiri kitu ambacho yeye mwenyewe alikishika kidogo tu. Akaondoka peke yake, akaenda katika kisiwa cha Kome ziwani. Huko alisoma kijitabu kidogo cha mhubiri mmoja wa Kitamil aliyeitwa David, mtu wa Bara Hindi. Msomi wa Cambridge akafundishwa na Mhindi, katika kisiwa cha Waganda! Alirudi Mengo mwezi wa Desemba amegeuka. Akakiri upungufu wake mbele ya wenzake, na tarehe 8 Desemba wakaanza siku tatu za mahubiri ambazo zilitikisa kanisa lote. Yakuganda naye akarudi. Kutoka hapo wasomaji wakatumwa kila upande, na nyumba za kusomea, walizoziita masinagogi, zikajengwa vijijini, zikaongezeka kwa haraka.

Mwaka wa 1895 akaenda kwao kupumzika, lakini alipumzika kama wapumzikavyo watu wa namna yake: alibeba Agano la Kale mkobani. Manabii wadogo walifasiriwa na mwenzake, Crabtree. Biblia nzima ya Kiganda ikapigwa chapa na Chama cha Biblia huko London mwaka wa 1896, hata miaka sita haijatimia tangu aingie Mengo. Ilikuwa kitabu cha umbo la ajabu, kifupi na kinene kama tofali. Sababu yake ni mchwa na mende. Ilipimwa iingie barabara katika kopo la biskuti za Huntley & Palmers, mfuniko ufungwe, wadudu wabaki nje. Watu wakaiita Biblia ya kopo la biskuti. Kama kuna mwanafunzi ambaye bibi yake anayo moja sandukuni, namsihi asiiuze.

Sasa nafika mahali nisipopapenda. Mwaka wa 1897 askari Wasudani wa Serikali, ambao baadhi ya wajukuu wao tuliwajua kambini kwa jina la Wanubi, waliasi. Walikuwa na manung'uniko ya haki: mshahara mdogo, safari moja juu ya nyingine, na sasa walitakiwa kwenda mbali tena na kuacha jamaa zao. Wakaiteka ngome ya Luba huko Busoga, ukingoni mwa ziwa, na Wazungu watatu waliokuwa mikononi mwao wakauawa. Jeshi la Meja Macdonald pamoja na maelfu ya Waganda likaizunguka ngome. Dk. Albert Cook alikwenda kuganga majeruhi, na Pilkington akaenda kuwa mkalimani kati ya maofisa na Waganda, kwa kuwa hapakuwa na Mzungu aliyekijua Kiganda kama yeye. Wako waliouliza, na wataendelea kuuliza, mhubiri alitafuta nini vitani. Mimi nami sijaridhika na jibu nililolipata, kwamba alihitajiwa. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Lugha aliyojifunza ili afasiri Injili ilimpeleka kufasiri amri za kupiga bunduki.

Tarehe 11 Desemba 1897 walitoka kukata migomba ili waasi wasipate chakula wala maficho. Pilkington alipigwa risasi katika shamba lile. Siku hiyo hiyo aliuawa pia Luteni Macdonald, ndugu yake Meja. Kijana wake Mganda, Aloni, alikuwa karibu naye. Alipoona ya kuwa bwana wake anakufa, hakumficha. Alimwambia ya kuwa mauti yamekuja. Pilkington akakubali, akimwita mwanangu. Ndipo Aloni akamkumbusha yale maneno ambayo Bwana alimwambia Martha, umbu lake Lazaro, habari za mtu amwaminiye kwamba ajapokufa ataishi. Akayasema kwa Kiganda. Fikirini jambo hilo. Miaka saba mtu anachukua maneno katika Kiyunani, anayapima moja moja pamoja na Duta, anauliza kama Waganda husema hivi au vile. Na saa ya mwisho, chini ya migomba, maneno yale yanarudi kwake katika kinywa cha kijana aliyeyasoma. Pilkington akaitikia ya kuwa ndivyo, akaendeleza neno lenyewe. Alikuwa na miaka thelathini na miwili. Leo kaburi lake liko Namirembe.

Nilipokwisha kujua haya nikaenda nyumbani kwa yule mama. Anakaa upande wa chini wa kilima, chumba kimoja na ukumbi mdogo. Nilikwenda na maelezo yangu yote ya anothen, ya milango miwili, ya kupanda mti na kupanda mahindi. Nikamwomba radhi. Akanisikiliza mpaka mwisho, akanipa chai, kisha akasema, tena bila hasira, ya kuwa hakuacha kuja kwa ajili ya neno la Kiyunani. Kiyunani hakijui wala hagombani nacho. Kilichomwumiza, mwanangu, akasema, ni kwamba kijana aliiuliza simu, na mimi nikamwunga mkono, wala hapana hata mmoja kati yetu aliyemwuliza yeye ni kitu gani kilichompata siku ile.

Basi nikamwuliza. Akanieleza, na ilichukua muda mrefu, hata taa zikawashwa. Sitaandika hapa, kwa kuwa ni mambo yake. Nitasema tu ya kuwa katika habari ile ulikuwamo usiku mmoja ambao alidhani ya kuwa umekwisha kabisa, asubuhi yake akaanza tena, na ya kuwa yeye mwenyewe hakuweza kueleza nguvu ile ilitoka wapi, ila alinyosha kidole juu.

Kijana nilimweleza habari zote, na ya Duta zaidi. Hakukasirika, alikwenda mwenyewe kwa yule mama siku ya Jumapili, na sasa kasisi anamfundisha herufi za Kiyunani kwa utaratibu, kutoka alfa. Jumatano iliyofuata yule mama alikuja mapema kuliko wote, akaifungua Biblia yake kutoka katika kitambaa. Tulianza mstari wa nne.